Somo: Kupima mzunguko wa dunia (urefu wa kuizunguka) kwa kijiti na kivuli

Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri, aliifanya kazi hii karne ya 3 KK. Njia yake unaweza kuirudia.

Hatua ya 1. Tafuta mji ambao jua la mchana linakaa utosini. Yeye alitumia Syene (Aswan ya leo): mwezi Juni, mchana wa siku ndefu kuliko zote, jua lilimulika hadi chini ya kisima.

Hatua ya 2. Siku hiyohiyo, kwenye mji ulio kaskazini au kusini ya huo, simika kijiti cha mita moja. Kinyooshe kwa timazi, maana kikiinama kidogo tu hesabu imeharibika. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano. Alama iliyo karibu zaidi na kijiti ndiyo mchana halisi, saa yako iseme inavyotaka.

Hatua ya 3. Gawa urefu wa kivuli kwa urefu wa kijiti, kisha bonyeza tan⁻¹ kwenye kikokotoo upate pembe ya jua. Alexandria ilitoa nyuzi 7.2, yaani sehemu moja ya 50 ya duara.

Hatua ya 4. Umbali kati ya miji hiyo miwili. Hapa ndipo penye kazi. Zama hizo walikuwepo watu waliofunzwa kutembea kwa hatua sawasawa huku wakihesabu. Eratosthenes alitumia stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale), namba iliyonyooka mno kiasi cha kutia shaka. Kwa kuwa pembe ni sehemu moja ya 50 ya duara, zidisha mara 50: ni 250,000. Ikasogezwa hadi 252,000.

MASWALI

Mkuu, stadia moja ni mita ngapi?
Wataalamu bado wanabishana. Ukichukua mita 157.5 unapata kilomita 39,690. Ukichukua 185 unapata 46,620. Mzunguko halisi kupitia ncha za dunia ni 40,008. Anayekwambia mzee alikosea asilimia moja tu amejichagulia stadia inayomfaa.

Dunia ingekuwa bapa na jua liko karibu, vivuli si vingetofautiana vilevile?
Kwa miji miwili, ndiyo. Wachina wa kale walipiga hesabu hiyo wakichukulia ardhi ni bapa, wakapata kimo cha jua! Dawa ni kupima miji mingi. Mwaka 724 mtawa Yi Xing alipima vituo kadhaa kusini hadi kaskazini, akakuta kivuli hakibadiliki kwa kiwango kimoja kama kanuni ya zamani ilivyodai.

Huku kwetu inawezekana?
Sana. Chukua Nanyuki na Songea, karibu na Machi 20 au Septemba 22. Nanyuki jua liko utosini. Songea kijiti kitatupa kivuli cha sentimita 19 hivi, kikielekea kusini. Kati yao, kaskazini-kusini, ni kama kilomita 1,180. Piga hesabu ulete jibu.