Dai la bima lisirudi: kuweka misimbo ya magonjwa kwenye faili moja, hatua kwa hatua

Dai likirudi kutoka kwa bima, lawama huangukia kaunta ya malipo. Mara nyingi kosa liko kurasa kumi nyuma, kwenye mstari ambao daktari aliandika nusu au hakuandika kabisa. Hatua hizi ni za maafisa wa rekodi na makarani wa madai katika hospitali za Mombasa. Tutatumia faili moja ya kubuni: mama wa miaka 67 kutoka Likoni, amelazwa siku nne kwa homa, na ana kisukari na presha za miaka mingi.

Msimbo ni herufi na namba zinazosimama badala ya jina la ugonjwa. Iliyo hapa ni ya ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Muulize kwanza mlipaji, yaani bima, anataka toleo gani, kwa kuwa ICD-11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022 na misimbo yake ina sura nyingine kabisa. Jihadhari pia na orodha za kupakua mtandaoni. Ukikuta E11.22, hiyo ni ICD-10 ya Marekani. Ya Shirika la Afya Duniani inaishia E11.2.

Hatua ya 1: Mgonjwa ni yule, mlipaji ni yule

Linganisha jina, namba ya kitambulisho na namba ya SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Pwani majina huandikwa kwa namna nyingi: Abdalla na Abdallah, Mwanaisha na Mwanaasha. Andika kama kitambulisho kinavyosema, si kama mgonjwa anavyojitaja. Linganisha pia tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Tofauti ya siku moja inatosha kurudisha dai zima.

Hatua ya 2: Soma faili lote kabla ya kufungua orodha ya misimbo

Anza na muhtasari wa kuruhusiwa, kisha maelezo ya daktari ya kila siku, majibu ya maabara, karatasi ya dawa, na mwisho maelezo ya wauguzi. Msimbo hutoka kwenye ugonjwa ambao daktari au tabibu ameuandika. Dawa na maabara hukuonyesha tu pa kuuliza. Metformin kwenye karatasi ya dawa haitoshi kumwita mtu mgonjwa wa kisukari, maana hupewa pia wanawake wenye vifuko vingi kwenye ovari.

Hatua ya 3: Chagua ugonjwa mkuu

Ugonjwa mkuu ni ule ulioonekana mwishoni mwa matibabu kuwa ndio hasa uliomfanya mgonjwa ahitaji kutibiwa. Si lazima uwe mzito kuliko yote aliyo nayo, wala si lazima uwe ule ulioandikwa mlangoni siku ya kwanza.

Hapa ndipo mazoea yanapoponza. Homa ikiingia hospitalini, mkono unakimbilia malaria. Lakini Mombasa imepata milipuko ya dengi na chikungunya zaidi ya mara moja, kwa hiyo tazama kipimo:

- B50.9: malaria ya falsiparamu, vimelea vimeonekana, haina makali.
- B54: malaria iliyotajwa na daktari bila aina ya kimelea kujulikana.
- A97.0, A97.1, A97.2: dengi bila dalili za hatari, yenye dalili za hatari, na dengi kali. Orodha za zamani bado zina A90. Isipokuwa mlipaji anatumia orodha hiyo, usiitumie.
- A92.0: chikungunya.
- R50.9: homa ambayo daktari hakupata chanzo chake.

Kuweka B54 huku umeambatanisha jibu la maabara lisemalo vimelea havikuonekana ni kumpa mkaguzi sababu ya kukataa dai kwa mkono wako mwenyewe. Kwa mama wetu kipimo cha NS1, cha kutafuta virusi vya dengi kwenye damu, kimetoka chanya, na muhtasari unasema "dengi" tu. Tukiishia hapo msimbo ni A97.9, dengi isiyoainishwa. Tusiishie hapo, tutarudi kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 4: Magonjwa aliyokuja nayo

Weka ugonjwa wa pili pale tu ambapo, katika siku hizo nne, daktari aliufuatilia, aliupima, aliutathmini au aliutibu. Historia isiyoguswa iache.

Kisukari na figo ndipo pesa na makosa vinapokutana. Daktari ameandika "kisukari aina ya 2, presha, figo". Figo limefanyaje? Maabara inaonyesha eGFR, kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu, ya 41. Kiwango cha 30 hadi 59 ni hatua ya 3 ya ugonjwa sugu wa figo, N18.3, lakini ugonjwa huwa sugu ukidumu angalau miezi 3. Mgonjwa wa homa aliyetapika siku mbili anaweza kuwa na figo lililoshtuka kwa upungufu wa maji, na daktari akisema figo limefeli ghafla, hiyo ni N17.9. Tafuta kipimo cha kliniki ya miezi iliyopita. Kikiwepo, mwonyeshe daktari, usihitimishe wewe.

Kisha uliza chanzo. Akiandika kwamba kisukari ndicho kilichoharibu figo, unaweka E11.2 (kisukari aina ya 2 chenye madhara ya figo) na N08.3 yenye nyota (madhara yenyewe kwenye figo), pamoja na N18.3. Msimbo wa nyota hausimami peke yake. Akisema ni presha, unaingia I12 (presha iliyoharibu figo). Asiposema lolote, E11.9 (kisukari aina ya 2 bila madhara), I10 (presha) na N18.3 hubaki kila mmoja peke yake. Sheria za Marekani hudhani uhusiano huo upo hadi daktari aukane. Orodha ya Shirika la Afya Duniani inataka uandikwe.

Kwa faili za ajali, usisahau msimbo wa chanzo. S82.2 inasema mfupa wa muundi umevunjika, V23.5 inasema alikuwa abiria wa bodaboda iliyogongana na gari barabarani. Bila huo wa pili, bima ya afya itauliza kama kuna bima ya gari inayopaswa kulipa.

Hatua ya 5: Muulize daktari bila kumlisha jibu

"Daktari, tuandike dengi yenye dalili za hatari?" ni swali bovu; likikaguliwa linaonekana kama kutafuta malipo. Andika hivi:

"Maelezo ya muuguzi, usiku wa siku ya pili: fizi zinatoka damu, ametapika mara tano. Chembe sahani 62,000. Muhtasari unasema dengi. Tafadhali andika aina yake kwa maoni yako: bila dalili za hatari, yenye dalili za hatari, kali, nyingine, au haiwezi kuamuliwa."

Jibu liandikwe ndani ya faili, liwe na tarehe na sahihi. Jibu la WhatsApp si rekodi. Akijibu "yenye dalili za hatari", A97.9 inageuka A97.1.

Hatua ya 6: Hesabu alama ya hatari

Alama ya hatari ni namba inayojumlisha uzito wa magonjwa ya mgonjwa. Kipimo rahisi ni cha Charlson, cha mwaka 1987. Kisukari bila madhara ni 1, kisukari chenye madhara ni 2 (usihesabu vyote viwili), ugonjwa wa figo 2, moyo kushindwa kazi 1. Umri huongeza 1 kwa miaka 50 hadi 59, na 2 kwa 60 hadi 69. Presha na dengi hazina alama.

Mama yetu akiwa na E11.9 bila N18, ana 1 + 2 = 3. Akiwa na E11.2 na N18.3, ana 2 + 2 + 2 = 6. Mgonjwa ni yuleyule. Kilichobadilika ni maandishi. Andika pia umetumia toleo gani: Charlson wa awali alihesabu figo kuanzia kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) ya juu ya 3 mg/dl tu, ilhali jedwali linalosoma misimbo ya ICD-10 huhesabu N18 yoyote.

Anayefanya kazi ya misimbo ya Marekani kutoka nyumbani Nyali au Kisauni ajue kwamba huko, kwenye mpango wa Medicare Advantage (bima ya serikali, hasa ya wazee, inayoendeshwa na kampuni binafsi), alama hugeuka pesa moja kwa moja, na kila Januari hesabu huanza upya. Mguu uliokatwa hauoti tena, lakini usipoandikwa mwaka huu katika ziara ya ana kwa ana, kwenye hesabu ni kama mgonjwa ana miguu miwili. Kuongeza ugonjwa usio na ushahidi huko huwafikisha watu mahakamani.

Hatua ya 7: Kabla ya kutuma

Mpe mwenzako ambaye hakuiona faili asome misimbo tu, kisha aeleze mgonjwa alikuwa na nini na kwa nini alilazwa siku nne. Akikwama, mkaguzi naye atakwama palepale. Hakikisha idhini ya awali, kama ilihitajika, inataja ugonjwa unaolingana na wa dai. Weka nakala ya swali na jibu la daktari kwenye faili, si kwenye droo yako.