Somo: WireGuard inaonyesha "active" lakini hakuna kinachopita

WireGuard (VPN, yaani njia ya siri kati ya mashine) ikiendeshwa na systemd (kisimamizi cha huduma za Linux), ikikwama hukaa kimya. Twende hatua kwa hatua.

1. Andika `systemctl status wg-quick@wg0`. Ukiona `active` na pembeni yake `exited`, haijafa, usikimbilie kuiwasha upya. wg-quick, amri inayowasha WireGuard, hupanga anwani na njia kisha huondoka; kusimba (kuficha data) kunafanywa na kerneli, yaani kiini cha Linux yenyewe. Hali hiyo haikuambii kama data inapita.

Ikiwa ni `failed`, soma `journalctl -u wg-quick@wg0 -b`. Mara nyingi utakuta `resolvconf: command not found`: umeweka mstari wa DNS (inayogeuza majina kuwa anwani za IP) kwenye wg0.conf, faili la mipangilio, lakini programu hiyo haimo kwenye mashine.

2. Andika `sudo wg show`. Ukweli wote uko hapa. Tafuta `latest handshake`, yaani salamu ya mwisho. Mstari huo usipokuwepo, pande mbili hazijasalimiana: kagua funguo (unaopelekwa upande wa pili ni wa wazi, si wa siri), kisha poti, ambayo wengi huweka 51820. Ni UDP! Watu hufungua TCP halafu wanashangaa. Na usiipime kwa telnet, maana WireGuard haimjibu asiye na ufunguo hata ikiwa nzima.

3. Salamu ipo ila kurasa hazifunguki? Angalia AllowedIPs (anwani zinazoruhusiwa kupita humo), kisha `sysctl net.ipv4.ip_forward` kwenye seva. Ikileta 0, seva haipitishi kitu.

Maswali

*Mkuu, nikiwasha mashine inagoma, nikiianzisha kwa mkono inakubali.*
Huenda kwenye Endpoint (anwani ya upande wa pili) umeandika jina badala ya IP, na huduma inaamka DNS ikiwa bado. Jaribu kuweka IP.

*Mimi natoka vizuri, ila nikitulia kidogo seva hainipati tena.*
Uko nyuma ya ruta, nayo imekusahau. Weka `PersistentKeepalive = 25` upande wako, itume pakiti ndogo kila sekunde 25.

*Umeme ulikatika, Raspberry Pi yangu ikagoma kusalimiana. Sijagusa kitu!*
Hii iliwahi kunikesha, funguo nikabadilisha mara tatu bure. Andika `date`. Pi nyingi hazina betri ya saa, na kila salamu hubeba muhuri wa muda. Muhuri huo ukiwa nyuma ya ule wa mwisho, seva inaitupa salamu bila neno. Rekebisha saa kwanza.

*Duh, date inasema ni wiki iliyopita. Nimeirekebisha, imeshika hapo hapo.*