Kabla ya kupanda Lushoto: kwa anayetoka Unguja na Pemba

Masingini, kilima kirefu kuliko vyote Unguja, hakifiki mita 150. Mji wa Lushoto, juu ya milima ya Usambara mkoani Tanga, umekaa kwenye mita 1,400 hivi. Sisi watu wa visiwani tukiambiwa safari, akili inakwenda baharini: tunauliza upepo, tunauliza boti, tunatia ndimu mkobani kwa ajili ya kigegezi. Mlima tunauacha mpaka tufike, na hapo sweta ziko nyumbani.

Angalia msimu kwanza. Kusi ile ile inayotuletea kipupwe ndiyo inayosukuma unyevu wa Bahari ya Hindi mpaka Usambara. Hewa ikipanda mlima inapoa na kugeuka ukungu na manyunyu. Kwa hiyo Juni hadi Agosti kule ni baridi hasa, na unaweza kukaa siku nzima bila kuiona mandhari uliyoifuata. Wakati wa masika njia za msituni huwa utelezi mtupu, na barabara ya kupandia huweza kuporomokewa na udongo. Mimi ningechagua Septemba, au Januari na Februari. Wenye watoto wa skuli wanaosubiri likizo ya Juni waende, ila mzigo wao uwe mzito zaidi.

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa kiasi cha digrii 6. Hesabu hiyo utaielewa vizuri alfajiri, unapofungulia bomba utawadhe. Misikiti ipo na Waislamu ni wengi, kwa hiyo swala na chakula havina taabu. Taabu ni yale maji. Mzee mwenye pumu au maumivu ya viungo mwambie mapema, abebe dawa zake, na mkifika ombeni maji ya moto. Urefu wenyewe wa Lushoto hauna madhara kwa mtu mzima wa afya, maana maradhi ya mlima kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Sweta nzito, soksi, kofia ya sufu na koti la mvua vinatosha, na mitumbani vyote vinapatikana kwa bei nafuu.

Viatu ndipo wengi wetu tunapokosea. Ndara ziache za chooni. Udongo wa Usambara ni mwekundu na wa mfinyanzi; ukilowa unaganda chini ya kiatu mpaka soli haishiki tena. Na wakati wa kushuka, si wa kupanda, ndipo magoti yanapotetemeka na vidole vya mbele vinapogonga kiatu. Chukua raba zenye meno, zilizokwisha kuzoea mguu, na ukate kucha kabla. Kina mama wanaovaa baibui wavae suruali ndani na waliinue kidogo lisiburure, kwani pindo likikanyagwa kwenye mteremko mtu anaanguka kifudifudi.

Barabara ya kupanda Lushoto kutoka Mombo, mji ulio chini ya mlima, ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Asiyetapika kwenye boti anaweza kutapika hapo. Kaa mbele, kula kidogo, ndimu yako iweke karibu. Ukitokea Unguja, ukiteremka Dar es Salaam una mwendo mwingine mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi. Ni afadhali kulala mjini upande basi la asubuhi kuliko kuzipanda kona zile usiku. Wapemba njia yao fupi ni Tanga, lakini boti haziendi kila siku, basi ulizeni ratiba kabla ya kulipia nyumba ya wageni.

Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia mandhari, ni kilomita 5 au 6 kutoka mjini, na watu huenda kwa miguu. Ukifika ukingoni, nchi inakatika ghafla: chini kabisa unaiona Mazinde na tambarare inayoendelea mpaka macho yachoke. Mtoto ashikwe mkono, wala asiachwe akapiga picha peke yake. Rudini mapema, kwani ukungu ukishuka njia hupotea. Msitu wa Magamba unataka kiingilio na mwenyeji wa kukuongoza. Aliyezoea kima punju wa Jozani wanaokuja karibu na watu ajue kwamba mbega wa Magamba hukaa juu mitini, darubini itamfaa. Kinyonga msiwashike, na maua msing'oe. Maporomoko ya Soni yako njiani, hayataki maandalizi.

Wakati wa kurudi, acha siku moja ya akiba kabla ya boti. Kusi ikichafuka safari huahirishwa, na aliyebakiwa na nauli tupu atataabika bandarini.