Mikono sita ya nani? Namna ya kuchonga fimbo ya dhiraa, na kulifuata jina lake la Kilatini

Mjukuu wangu aliniuliza Goliathi alikuwa na urefu gani. Nikamwambia kama Biblia isemavyo, mikono sita na shibiri. Akaunyoosha mkono wake, akautazama kutoka begani hadi vidoleni, akasema: "Bibi, mikono sita ya nani?"

Nilikaa nalo swali hilo wiki nzima. Mwisho wake nikachonga fimbo, na fimbo hiyo ndiyo ninayotaka nawe uichonge. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja. Unahitaji fimbo iliyokauka, ukanda wa karatasi, kisu, vitabu viwili vigumu na mtu wa kukusaidia.

Anza na mkono wenyewe. Kaa mezani, kunja kiwiko (wengine hukiita kisugudi), laza mkono juu ya meza kiganja kikiwa chini, vidole vimenyooka bila kukazwa. Msaidizi wako asimamishe kitabu kimoja nyuma ya kiwiko, kiguse mfupa, na kingine mbele ya ncha ya kidole cha kati. Sasa toa mkono taratibu. Nafasi iliyobaki kati ya vitabu viwili ndiyo dhiraa yako, au mkono wako, ukipenda jina hilo. Wengi hukosea kwa kuanza kupima kwenye kunjo la ndani la kiwiko, wakapoteza sentimita kadhaa. Anza kwenye mfupa. Ukikunja ngumi na kupima mpaka kwenye konde, utapata kipimo kifupi zaidi, ambacho wazee wetu walikiita dhiraa konde ili kisichanganywe na dhiraa kamili. Wagiriki nao walikuwa na chao cha ngumi, cha nyanda 18 (wanda ni upana wa kidole kimoja).

Wangu una sentimita 43. Wa mjukuu wangu wa miaka tisa una 35. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika kwamba dhiraa ni robo ya kimo cha mtu. Mimi nina sentimita 163, na robo yake haifiki 41. Kwa hiyo kanuni yake inamfaa mchoraji anayetaka mwili wenye ulinganifu, lakini wewe usiitumie badala ya kupima.

Sasa weka ukanda wa karatasi kati ya vitabu, uukate sawasawa na nafasi ile. Ukunje katikati: hiyo nusu ni shibiri. Kunja kila shibiri katika sehemu tatu sawa, upate viganja sita. Kisha kunja kila kiganja nusu, na nusu tena, upate nyanda nne. Jumla nyanda 24. Karatasi ikishakuwa nene ifungue, umalizie kiganja kimoja kimoja, la sivyo mikunjo itasogea. Weka ukanda juu ya fimbo, chora kwa kisu: mstari mrefu kwenye shibiri, wa wastani kwenye kiganja, mfupi kwenye wanda. Usitumie fimbo mbichi. Ikikauka itapinda na alama zako zitapinda nayo.

Utashawishika kupima shibiri kwa kuitanua kabisa, kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Jaribu, lakini usichonge kwa hiyo. Yangu ikizidishwa mara mbili inapungua dhiraa yangu kwa sentimita mbili. Miili haigawanyiki kama hesabu, ndiyo maana tunaigawanya karatasi.

Na kwa nini fimbo, wakati mkono uko begani siku zote? Hili nililijua kwa hasara. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunatengeneza rafu. Yeye alipima nafasi ya ukutani kwa mkono wake, akaniambia, "Mikono mitatu." Mimi nikakata ubao kwa mkono wangu. Kaka ana mkono wa sentimita 47. Ubao ulipungua sentimita 12, na kiganja changu kilipita kwenye pengo bila kugusa popote. Sote wawili tulikuwa tumepima kwa uangalifu.

Wamisri walilitatua jambo hilo maelfu ya miaka kabla yetu. Katika maandishi yao ya picha, dhiraa iliandikwa kwa mchoro wa mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, lakini mafundi wa mfalme hawakupimia mikono yao. Walipimia fimbo. Mojawapo iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, nayo ilikuwa ya Maya, mweka hazina wa Farao Tutankhamun. Dhiraa hiyo ya kifalme ina viganja saba badala ya sita, yaani nyanda 28, karibu sentimita 52 na nusu. Ukitaka kuiona, weka fimbo yako mezani, uongeze mbele yake upana wa vidole vinne. Kwa kipimo hicho piramidi ya Khufu ilipewa dhiraa 440 kila upande na 280 kwenda juu. Gawanya mita 230 kwa 440 uone mwenyewe inavyotoka.

Kwa hiyo kila ukikutana na dhiraa katika maandiko ya kale, uliza kwanza swali la mjukuu wangu. Ya Kirumi ilikuwa futi moja na nusu za Kirumi, sentimita 44 hivi. Kwa ile ya Waebrania tunaye shahidi wa jiwe: chini ya Yerusalemu kuna mfereji uliochimbwa kwenye mwamba, na maandishi yaliyopatikana humo mwaka 1880 yanasema maji yalipita dhiraa 1,200. Mfereji wenyewe una karibu mita 533. Gawanya, unapata sentimita 44 na kidogo. Sasa mrudie Goliathi: kwa dhiraa ya sentimita 45, mikono sita na shibiri ni karibu mita 2.9. Ila hati ya Samweli iliyopatikana kwenye mapango ya Bahari ya Chumvi, pamoja na tafsiri ya kale ya Kigiriki, zinasema mikono minne na shibiri, yaani karibu mita mbili tu. Tulichora alama zote mbili ukutani kwa chaki. Mjukuu alisimama chini ya ile ya mita mbili kwa muda mrefu, kisha akasema huyo bado ni mkubwa.

Hapo ndipo nilipotaka kujua jina. Kiswahili kinasema mkono, na dhiraa yenyewe imetoka Kiarabu, ambako pia ni jina la sehemu hiyo ya mkono. Warumi waliita kipimo hiki cubitum, na cubitum ni kiwiko. Jina hilo wataalamu wanalihusisha na kitenzi cubare, kulala au kujilaza. Usilisome tu, lifanye: lala kwa ubavu wa kushoto, inua kichwa na kifua. Umeegemea nini? Kiwiko. Warumi wenye uwezo walikula karamu zao katika mkao huo huo, na kitenzi cha kujilaza mezani kilikuwa accubare.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31, na siku nilipojua hili nilisimama katikati ya wodi. Neno hili nimelishika kila siku. Ile sehemu ya ndani ya kiwiko tunapotafuta mshipa wa kuchukua damu inaitwa fossa cubitalis. Mgonjwa anayelazwa ubavu, vitabu vyetu huuita mkao wake decubitus, na vidonda vya kulalia vina jina hilo hilo. Ndivyo vile tunavyovizuia kwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Na mtoto njiti tunamlaza kwenye inkubeta, kutoka incubare, kulala juu ya kitu, kama kuku anavyoatamia mayai. Kipimo, kidonda na mashine ya kuokoa mtoto, vyote vimetoka kwenye kujilaza.

Namna ya kuyatambua maneno ya ukoo huu katika lugha za Ulaya ni hii. Tafuta cub au cumb, maana m huingia na kutoka, kisha uliza: nani amelala, na amelala wapi? Chumba cha kulala cha Warumi kiliitwa cubiculum, na kutoka humo Waingereza wamepata jina la vijumba vidogo vya ofisini. Con ni pamoja, basi concubina ni mwanamke anayelala pamoja na mume asiyemwoa, suria. Sub ni chini: succumbere ni kulala chini ya mzigo, kushindwa, na kwa Kiingereza leo huandikwa pia kwa mtu aliyezidiwa na ugonjwa. Wagonjwa wa kale waliokwenda kulala kwenye hekalu la Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki, kule Epidaurus, wakingoja ndoto ya kuwaponya, walikuwa wakifanya incubatio. Hilo nalipenda kuliko yote. Kumbe kulaza wagonjwa ni kazi ya zamani sana.

Kiwiko chenyewe kimesalia katika lugha za watoto wa Kilatini: codo kwa Wahispania, ambalo ni kiwiko na kipimo pia, coude kwa Wafaransa, gomito kwa Waitaliano.

Sasa mitego. Mchemraba, ule ambao Waingereza huuita cube, haumo katika ukoo huu. Umetoka Kigiriki kybos, dadu. Nchi ya Kuba haimo. Kuba la msikiti halimo, hilo ni Kiarabu. Na neno la Kiingereza encumber, kulemea, linafanana kabisa na nduguze lakini asili yake ni kizuizi cha njiani. Ukiuliza nani amelala hapo, hupati mtu.

Ukimaliza fimbo yako, chonga jina lako kwenye ncha moja na urefu wake kwa sentimita kwenye ncha nyingine. Mtoto mchongee ya kwake, na umpime tena mwaka ujao kwa vitabu vile vile viwili.