Kuchora sura ya umpendaye kwa rangi za maji

Picha nyingi za zawadi huharibika kabla brashi haijaguswa, kwa sababu ya karatasi mbovu au picha mbaya ya kunakili. Karatasi ya kawaida ya printa ina gramu 80 hivi kwa mita ya mraba. Ikilowa hujikunja na nyuzi zake hung'oka. Nunua karatasi ya rangi za maji yenye gramu 300, saizi ya A4. Picha ya kunakili iwe na mwanga unaotoka upande mmoja, kama wa dirishani. Picha ya flashi hufuta vivuli na uso ukawa bapa, nawe utabaki huna cha kufuata. Na kama unayemchora huvaa miwani, usimvue. Bila miwani yake hata mama yake atasita.

Bandika karatasi kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi pande zote nne, iingie ndani sentimita 1. Hapo haitajikunja sana, na ukiibandua baadaye utapata mpaka mweupe safi.

Sasa sura. Usitegemee jicho peke yake, tumia miraba. Chapisha picha kwa sentimita 10 kwa 14, uigawe kwa miraba ya sentimita 2: mitano kwa upana, saba kwa urefu. Kwenye karatasi yako piga miraba ileile kwa sentimita 3, utapata mchoro wa 15 kwa 21. Weka namba pembeni, kisha nakili mraba mmoja mmoja kwa penseli ya HB bila kukandamiza. Ukikandamiza utaacha mfereji, na rangi itatuama humo. Ukikwama, geuza picha na karatasi vyote juu chini: utaacha kuona pua na kuanza kuona mistari.

Kabla ya kufuta miraba, kagua macho. Kwa mtu mzima anayetazama mbele, macho yako karibu katikati, kati ya utosi na kidevu. Wanaoanza huyapandisha juu mno kwa kusahau fuvu lililo chini ya nywele. Nafasi kati ya macho ni kama upana wa jicho moja. Meno usiyatenganishe kwa mistari, maana humzeesha mtu. Acha weupe mmoja wenye kivuli kidogo pembeni. Ukiridhika, futa miraba yote. Penseli iliyofunikwa na rangi ni vigumu kuifuta.

Rangi za maji huanzia kwenye wepesi kwenda kwenye uzito, kwani hakuna nyeupe itakayokuokoa vizuri baadaye. Kile kinukta cha mwanga ndani ya jicho ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Kwa ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, changanya kahawia yenye wekundu na buluu kidogo. Vivuli viongezee buluu, usitie nyeusi ya kopo, maana huiua ngozi ikawa kama masizi. Jaribu kila mchanganyiko kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo, kwa sababu rangi ikikauka hufifia.

Tabaka tatu zinatosha: la kwanza la majimaji usoni kote isipokuwa penye mng'ao, la pili la vivuli, la tatu la mboni, matundu ya pua na mstari wa midomo. Kati ya tabaka na tabaka, gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa bado ina ubaridi, haijakauka. Tone la maji likiangukia rangi iliyokauka nusu huisukuma pembeni na kuacha doa lenye kingo za mawimbi. Usilifute likiwa bichi, utalikuza. Subiri likauke, kisha lainisha kingo kwa brashi yenye unyevu. Rangi zikigeuka tope, ama umechanganya zaidi ya tatu, ama maji yamechafuka. Weka glasi mbili, ya kusuuzia brashi na ya maji safi.

Ikikauka kabisa, andika jina lako na mwaka kwa penseli pembeni. Kwenye fremu weka kadibodi yenye dirisha kati ya picha na kioo. Vikigusana, unyevu huweza kuvigandisha. Mwambie atakayeipokea asiitundike panapopigwa na jua, itapauka. Ikiwa inasafiri bila fremu, itie kwenye mfuko wa plastiki, uilaze kati ya kadibodi mbili ngumu zinazoizidi sentimita 3 kila upande. Pembe ndizo hugongwa kwanza.