Udongo darasani: kinachopasua sanamu zenu ni maji

Haya walimu wenzangu wa sanaa, na nyie wanafunzi mnaohangaika na projekti ya ufinyanzi, mimi nafundisha udongo huku mashariki mwa Uganda upande wa Busia na kila muhula swali ni lilelile, mbona kazi yangu imepasukia motoni? Na kila mtu ana jibu lake tayari, ati hewa ilibaki ndani. Mimi nasema maji. Mwaka wangu wa kwanza tulichoma vichwa 31 vya udongo vya S2 (kidato cha pili) vikatoka vizima 17 tu, vingine vililipuka kama bisi kwenye sufuria watoto wananiangalia, na kosa lilikuwa langu maana muhula ulikuwa unaisha nikawa na haraka.

Hatua ya 1, kupata udongo. Shuka bondeni kwenye kinamasi, ondoa ule mweusi wa juu wenye mizizi, chimba mpaka ufike wa kijivu unaonata kwenye jembe. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na kama jirani kuna akina mama wafinyanzi waamkie uwaulize kwanza, wale wanajua kila shimo. Mama mmoja anayeuza vyungu kando ya barabara ndo alinifundisha kipimo hiki: viringisha udongo uwe mwembamba kama kidole cha mwisho kisha uzungushe kwenye kidole gumba, ukikatikakatika uache, ukijikunja bila nyufa beba. Ukiona magamba ya konokono toa yote bila huruma. Yakichomwa yanageuka chokaa, chokaa inakunywa unyevu wa hewani inavimba, halafu wiki moja baadaye chungu chako kizima kinabanduka kipande kikiwa kimetulia juu ya kabati. Maji tena hayo.

Hatua ya 2. Anika ukauke kabisa, ponda, loweka kwenye jerikeni lililokatwa juu, siku mbili tatu usikoroge. Chuja kwa kipande cha neti kuukuu, mwaga juu ya gunia kivulini, usubiri mpaka uache kunata mikononi. Vumbi la udongo mkavu ni baya kwa mapafu kwa hiyo darasa msifagie, pangusa kwa kitambaa kibichi. Mikono mnawe kwenye ndoo, sio kwenye sinki, bomba likiziba utaitwa ofisini wewe.

Hatua ya 3 ndo wengi wanairuka. Chukua vigae vya chungu kilichovunjika au tofali lililoiva, ponda, chekecha, changanya kopo moja la vigae kwa makopo manne ya udongo. Vigae vilishachomwa havisinyai tena, na vinaacha vinjia vidogo vya maji kutokea. Fanya kibamba cha majaribio, chora mstari wa sentimita 10, kikikauka pima, ukikuta 9 ujue udongo wako unapungua asilimia 10 na kikombe unachotaka kiwe kikubwa anza nacho kikubwa zaidi. Halafu kanda kama unga wa chapati, kanda hasa, hapo hewa inatoka na ni vizuri itoke maana inadhoofisha ukuta, ila hewa kavu peke yake hailipui sanamu.

Hatua ya 4, kujenga. Chungu anza na kitako juu ya kibao, panda na kamba za udongo moja juu ya nyingine, na kila unapounganisha chanja pande zote mbili upake uji wa udongo, usibandike tu kavukavu. Pambo ni rahisi, viringisha gunzi la mahindi begani mwa chungu kikiwa bado laini, basi.

Kichwa ndo kazi. Watoto wanaogopa, wanataka kifanane na picha ya pasipoti. Mimi nawaonyesha picha ya kile kichwa cha Luzira, cha udongo uliochomwa, kilifukuliwa 1929 kwenye kilima cha Luzira hapo Kampala na sasa kiko British Museum, London. Hakijaiga uso wa mtu kama picha na bado ukikitazama kinakutazama. Wakishaona hivo mikono inafunguka. Finyanga kikiwa kimejaa, kiache kishike ugumu kama ngozi ya kiatu, kata utosi kwa waya wa breki ya baiskeli, chota ndani kwa kijiko mpaka ukuta ubaki kama sentimita moja, rudisha utosi kwa uji wa udongo, toboa tundu chini. Pua nene iliyojaa ndo bomu lenyewe, ichote pia.

Hatua ya 5, kukausha. Funika na kavera (mfuko wa plastiki) siku tatu, masikio na midomo iwe imezibwa zaidi kwa sababu inakauka mbele ya mwili, halafu funua kivulini wiki moja mbili, msimu wa mvua ongeza. Jua hapana! Kujua kama tayari weka shavuni, ukisikia baridi bado kuna maji, rudisha.

Hatua ya 6, kuchoma. Shimo la kina cha goti, moto mdogo pembeni, panga vyombo kuuzunguka na ugeuzegeuze saa mbili nzima bila kuvigusisha na moto, kwa sababu maji yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke na mvuke usipopata njia unavipasua. Hapo ndo nilipoharibu mimi. Kisha weka shimoni, funika kuni, nyasi, majani makavu ya mgomba, acha uwake mpaka vyombo viwe vyekundu. Udongo usiofika kama nyuzi 600 ukiutia maji unarudi kuwa tope. Usimwagie maji kuzima, usichomoe jioni, ngoja kesho asubuhi.

Gonga kwa kidole. Kikilia kama kengele kimeiva, kikilia bubu kina ufa au hakijaiva, kiangalie vizuri kabla ya kukirudisha motoni. Vilivyopasuka weka kwenye gunia, ndo vigae vya muhula ujao.