Kukata silabi za vitenzi vya Kifaransa kwa kutumia sikio

Mzoefu wa Kiswahili akikutana na *parlent* (wanazungumza) husoma "par-le-nti". Haishangazi, maana kwetu kila irabu iliyoandikwa hutamkwa. Kwenye vitenzi vya Kifaransa, weka kalamu chini kwanza.

1. Funika mwisho wa kitenzi. Katika wakati uliopo wa vitenzi vya -er (ambavyo umbo lao la msingi huishia na -er, kama *parler*, kuzungumza), viishio -e, -es na -ent ni bubu. *Je parle, tu parles, il parle, ils parlent*: zote nne zina mlio mmoja, silabi moja, karibu na "paghl". (R ya Kifaransa iazime kwenye gh ya "lugha", kama inavyotamkwa pwani.) Viishio -ons na -ez ndivyo vinavyosikika: par-lons, par-lez.

Tahadhari na -ent, kwa sababu ububu huo ni wa nafsi ya tatu wingi tu. Walimu wengi hupenda sentensi hii: *Les poules du couvent couvent*, yaani kuku wa nyumba ya watawa wanaatamia. *Couvent* ya kwanza ni nomino, silabi mbili, na -ent yake hupitia puani. Ya pili ni kitenzi, silabi moja, "kuv". Hata *il vient* hutamkwa puani, kwa kuwa ni umoja. Wingi wake, *ils viennent*, huishia na n kavu.

2. Ibane konsonanti iliyobaki. *Il finit* ni fi-ni. *Ils finissent* ni fi-nis. Hiyo s ndiyo inayobeba wingi, kwa hiyo isikike, ila usiitilie irabu ikawa "finisi". Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama.

3. Unga kiwakilishi na kitenzi, kisha kata. *Il arrive*: i-la-rrive. *Ils arrivent*: il-za-rrivent. Kinachotofautisha mmoja na wengi ni z tu.

4. Pima e dhaifu, yaani e ya katikati ya neno ambayo mara nyingi humezwa. *Appelons* kwenye karatasi ni ap-pe-lons, lakini katika mazungumzo ya kawaida ni a-pplons. Ukienda kusini mwa Ufaransa, Marseille kwa mfano, utasikia e nyingi ambazo Paris huzimeza. Wala si makosa.

5. Wakati uliopita wa *imparfait* (wa jambo lililokuwa likiendelea). -ais, -ait na -aient zina mlio mmoja. Kwa -ions, angalia kinachotangulia: *parlions* ni silabi mbili, lakini zikitangulia konsonanti kama tr au vr, i hujitenga na kuwa silabi yake: en-tri-ons, tatu.

Jaribu kwa sauti: *elles oublient, nous ouvrions, ils chantaient*. Majibu: el-zou-bli, tatu, nou-zou-vri-ons, nne, il-chan-tai, tatu.